Jumatano yangu, mimi na mama

Saa kumi na moja alfajiri. Namgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Ni kila baada ya saa mbili. Nesi alinionyesha pa kukagua: juu ya makalio, nyonga, visigino. Ngozi ikibadilika rangi au ikipata moto, kidonda kinakuja. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia mwaka juzi, kikaondoka na Kiswahili chake chote. Kimebaki Kigogo kidogo. "Mbukwa," ananiambia. Naitikia.

Saa moja nampima presha, kisha uji wa uwele, mzito asije akapaliwa. Nusu kijiko, nasubiri ameze. Dakika 40.

Saa tatu niko barazani na cherehani, sketi 12 za shule zinanidai. Upepo wa Dodoma na vumbi lake! Kaka anapiga simu kutoka Dar: mnyooshe vidole, mpe mlonge. Sawa, kaka. Hela ya pampasi hakuigusia.

Saa tisa alasiri jirani anakaa na mama, naenda kikaoni Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, chini ya mwarobaini. Tuko saba, wote tunauguza nyumbani. Ulikuwa mchezo wa elfu tano tano tu, ila hela zikishagawiwa hakuna aliyekuwa anaondoka. Sheria yetu moja: habari zako kwanza, za mgonjwa baadaye. Siku ya kwanza nilipoulizwa, "Umelalaje?" nikaeleza mama alivyolala. Walicheka mpaka nikaona haya.

Leo mzee mmoja, anamuuguza mkewe, kasema, "Jana nilimfokea. Nikatoka nikakaa juu ya ndoo, uani." Hakuna aliyempa mawaidha. Dada wa pembeni akasema tu, "Mimi nilivunja kikombe."

Kisha wakanipima presha: 158 kwa 96. Wakapanga binti wa mwenzetu akae na mama Jumamosi, mimi niende hospitali. Nikaanza habari za sketi.

"Sketi zina presha?" akauliza mzee.

Jioni ni kufua, kupika mlenda, kumgeuza.

Saa nane usiku alamu ya simu inalia. Namgeuza aelekee kwangu. Mashine ya presha iko mezani, ile ya kila asubuhi. Naifunga mkononi mwangu, inaanza kunguruma. Mama kafumbua macho, anautazama mkono wangu, halafu ananyoosha wake, ule mzima, kama tunavyofanya kila siku.