Ninavyopima matiti: macho kwanza, vidole baadaye

Kabla ya kugusa, natazama. Mama anakaa wima, kifua wazi, mikono imelegea. Kisha ainue juu ya kichwa. Mwisho ashike kiuno na kukibana kwa nguvu. Mkao huo wa tatu siuachi kamwe, maana misuli ya kifua ikikaza, uvimbe ulioshikamana na nyama za ndani huivuta ngozi ikabonyea mahali palipoonekana sawa muda mfupi tu uliopita. Matiti kutolingana ukubwa ni kawaida. Chuchu iliyoingia ndani tangu usichana hainitishi. Iliyoanza kuingia karibuni, tena upande mmoja, hiyo naifuatilia.

Ndipo alale chali, mkono wa upande ninaopima chini ya kichwa ili titi litandazike. Natumia matumbo ya vidole vitatu vya kati, si ncha. Kila mahali nazungusha duara dogo mara tatu: kwa wepesi, kwa wastani, kisha kwa kina hadi nihisi mbavu. Nafuata mistari ya juu na chini, toka mtulinga hadi chini ya titi, nikianzia ubavuni na kumalizia katikati ya kifua. Vidole havinyanyuki, vikinyanyuka, kuna sehemu itarukwa. Sifinyi titi kwa kidole gumba, kwa sababu hata nyama ya kawaida ikifinywa huhisi kama uvimbe. Robo ya juu ya nje naipa muda zaidi: saratani nyingi huanzia hapo, na mkia wa titi huingia kwapani. Sisahau tezi za kwapa na za juu ya mtulinga.

Uvimbe wa mviringo, laini kama mpira, unaoteleza chini ya vidole kwa msichana, mara nyingi ni faibroadenoma, yaani uvimbe usio saratani. Ulio mgumu, wenye kingo zisizo sawa, usiosogea, nauhesabu saratani hadi vipimo viseme vinginevyo. Lakini vidole pekee havitoi jibu: uvimbe wowote unaobaki baada ya hedhi unahitaji picha ya ultrasound au mamografia, na ukitiliwa shaka, kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kutolewa na kupimwa maabara. Kutouma si dalili ya usalama.

Ninachokihofia zaidi ni titi jekundu, la moto, lenye ngozi kama ganda la chungwa, maana huenda ni saratani. Kwa anayenyonyesha huenda ni maambukizi, lakini lisipopoa baada ya dozi ya antibiotiki, siandiki dozi ya pili; nampa rufaa siku hiyohiyo.