Kumbukumbu ya mradi: helikopta yangu na kiu yake ya umeme

Wiki ya 1

Nimeishusha helikopta ukutani baada ya miezi minane ya kula vumbi. Ni modeli ya rimoti, rota yake ina mita 1.35 kutoka ncha hadi ncha, na pamoja na betri ina uzito wa kilo 3.4. Imepangwa izungushe rota mara 1,800 kwa dakika, kwa wale wanaopenda kuirusha tumbo juu. Mimi simo katika kundi hilo. Ninachotaka kujua ni kimoja: ikitulia hewani bila kwenda popote, inakula wati ngapi, na katika hizo, za lazima ni ngapi?

Aliyenitia wazimu huu ni A160 Hummingbird, helikopta isiyo na rubani iliyobuniwa na Abe Karem, mhandisi yuleyule ambaye kazi zake za awali ndizo zilizozaa droni ya Predator. DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, uligharimia. Mei 2008, toleo lake la injini ya tabaini, wakati huo likiwa mikononi mwa Boeing, lilikaa angani saa 18.7 bila kuongezwa mafuta. Helikopta nyingi zikifika saa tatu zinaanza kutafuta pa kutua.

Ujanja wake ni kwamba rota haikimbii kwa kasi moja. Helikopta karibu zote huzungusha rota kwa kasi ileile tangu kupaa hadi kutua, ziwe zimeshiba mzigo au ziko tupu. Ya Karem ilipunguza mizunguko mzigo ulipopungua. Jeshi lilitaka jicho linalokesha juu, wala si hewa safi. Lakini kila kilo ya mafuta ya ndege isiyochomwa ni takriban kilo 3.16 za hewa ya ukaa ambazo hazikutoka, hata kama mwenye kuokoa mafuta hakuwa na habari nazo.

Wiki ya 1, usiku

Nimepiga hesabu. Rota ya upana huu, kubeba kilo 3.4, inahitaji takriban wati 103 za kusukuma hewa chini. Hiyo ni rota ya peponi, ambayo mapanga yake hayagusani na hewa isipokuwa kwa kazi.

Nikaenda ukumbini (nje upepo unaipa rota mwinuko wa bure na kukuharibia vipimo), nikaituliza kwenye kimo cha mita tatu ili hewa inayorudi kutoka sakafuni isiibebe, nikahesabu dakika mbili. Wati 510!

Karibu mara tano ya ile ya karatasi. Nilidhani kipimo kimekufa. Nikarudia na betri nyingine: 506.

Wiki ya 2

Kipimo ni kizima. Zilikopotelea wati ni kwenye mapanga yenyewe. Mizunguko 1,800 maana yake ncha ya panga inakwenda mita 127 kwa sekunde, na kila sentimita ya panga inakwaruza hewa, iwe inabeba kitu au haibebi. Nguvu inayoliwa na mkwaruzo huo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukipunguza kasi kwa robo, zaidi ya nusu ya hasara hiyo inaondoka. Panga lazima liinamishwe zaidi ili libebe uzito uleule, lakini langu lilikuwa linafanya kazi kivivu mno. Lilikuwa na nafasi tele kabla ya kufikia kukwama, yaani kuinama mno hadi hewa iliachie na lisibebe tena.

Jumanne: mizunguko 1,500, wati 365. Alhamisi: 1,300, wati 300. Betri yangu ya wati-saa 111, nikiacha asilimia 20 ndani ili isife mapema, ilikuwa inanipa dakika 10 na ushei. Sasa inakaribia 18. Sijabadilisha hata msumari.

Hata mlio umebadilika. Ule mngurumo wa nyuki wenye hasira umeshuka ukawa wa feni ya dari.

Wiki ya 3

Kasoro ya kwanza. Baada ya kutua niligusa kidhibiti cha mota na kuondoa kidole haraka: nyuzi 71. Mbona kinaungua wakati kazi imepungua?

Kwa sababu nilikuwa naiendesha mota iliyopangiwa mbio kwa nusu ya uwezo wake. Kidhibiti kinakatakata umeme ili kuibana, na kukatakata huko ni joto. Nikatoa giya ndogo ya meno 13, nikaweka ya meno 10, ili mota ikimbie vizuri huku rota ikienda polepole. Mizunguko ileile 1,300: wati 278, nyuzi 49. Wati 22 kwa kipande cha chuma kinachoenea kwenye ukucha.

Tabaini zina ugonjwa huohuo, tena mkali zaidi. Injini ya tabaini hubana matumizi ikiwa na mzigo mkubwa. Ukiipa nusu ya kazi inakula zaidi kwa kila kilowati inayotoa. Helikopta ya injini mbili imewekewa nguvu za kunyanyukia na za dharura, kisha safarini zote mbili zinakokota mguu. Ndiyo maana Racer, helikopta ya majaribio ya Airbus Helicopters, iliyoruka mara ya kwanza Marignane, Ufaransa, tarehe 25 Aprili 2024, ina injini mbili za Safran, Aneto-1X, ambapo moja inaweza kulazwa katikati ya safari huku mwenzake akibeba chombo peke yake. Lengo ni kuokoa takriban asilimia 15 ya mafuta kwa hilo tu. Inayolala lazima iweze kuamka kwa sekunde chache, na hapo ndipo penye kazi. Mimi kwenye giya yangu ya meno 10 sina injini ya kuamsha.

Mdogo wangu alikuwa ananishikia tochi. "Kaka, mbona wanahangaika hivyo? Si waweke betri kama hii yako?"

Nikampimia. Betri yangu ina kama wati-saa 150 kwa kilo. Mafuta ya ndege yana takriban 12,000. Hata tabaini ikipoteza asilimia 70 kama joto, bado yanaiacha betri mbali sana. Ndiyo maana wengine wanabadilisha kinachowekwa kwenye tangi: Juni 2022 helikopta ya Airbus, H225, iliruka na mafuta yasiyo ya kisukuku kwa asilimia 100 kwenye injini zote mbili. Bombani inatoa hewa ya ukaa karibu kama kawaida. Nafuu iko kwenye chanzo cha hayo mafuta. Ndiyo maana kwangu kupunguza kiu kunatangulia kubadilisha kinywaji.

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kushika tochi.

Wiki ya 4

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Huyu wangu alijikwaa mkia.

Niliteremka hadi mizunguko 1,100. Ilitulia vizuri, nikajawa na kiburi, nikavuta nguvu ghafla kuipandisha. Pua ikazunguka kulia, nusu duara, kisha duara zima, na kabla sijashusha mkono ikaenda chini kwa ubavu. Mapanga mawili ya mkia yamevunjika, bomba la mkia limepinda. Rota kuu haina hata mkwaruzo, jambo ambalo sielewi hadi leo.

Kosa ni langu. Rota ya mkia, ile inayozuia mwili usizunguke kinyume na rota kuu, imefungwa kwa giya kwenye rota kuu. Moja ikipunguza mwendo, nyingine inapunguza. Msukumo wake hushuka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwa 1,100 nilibakiwa na asilimia 37 tu ya ule wa 1,800. Rota kuu inahimili, mkia hauna pumzi. Nimeweka mapanga ya mkia ya milimita 105 badala ya 95, na nimepunguza ukali wa mkono wangu kwenye rimoti, maana huo ndio uliotuangusha.

Jambo jingine: kati ya 1,160 na 1,200 miguu ya kutulia inatetemeka hadi huoni kingo zake. Mwili mzima unaitikia mdundo wa rota. Sasa naelewa kwa nini mapanga ya A160 yalitengenezwa mepesi na magumu mno: rota ya kasi moja inakwepa mdundo mbaya mara moja tu mezani kwa mchoraji, ila inayobadilisha kasi inapita katikati yake kila siku.

Wiki ya 5

Mizunguko 1,100, mkia mpya: wati 240. Mizunguko 1,000: wati 238, na inayumba kama mlevi. Hapo ndipo sakafu. Nimeishia 1,100 ya kutulia na 1,300 ya kutembea.

Kwa nini isitembee na 1,100? Kwa sababu ikienda mbele mita 20 kwa sekunde, panga linalorudi nyuma linaona hewa ya mita 58 tu, na la upande wa pili 98. Ongeza mwendo na la nyuma linakwama. Huo ndio ukuta wa helikopta zote. Helikopta ya Uingereza, Westland Lynx, iliyotengenezewa mapanga maalumu iliupiga kichwa mwaka 1986 ikafika kilomita 400.87 kwa saa. Zilizopita hapo zilitafuta msaada: X3 ya Eurocopter, yenye mabawa mafupi na rafadha mbili za kuisukuma, ilifika kilomita 472 tarehe 7 Juni 2013, huku rota yake ikipunguzwa mwendo.

Wiki ya 7

Nimeondoa mkia. Mahali pake kuna mirija miwili ya kaboni, kila mmoja na rafadha nchani, kama Racer: zikisukuma sawasawa chombo kinakwenda mbele, zikitofautiana zinazuia mwili usizunguke.

Nimeifunga kamba kwenye benchi. Wati 271 kwa 1,100, yaani 31 zaidi ya mkia. Mirija yangu ni mifupi kuliko bomba la mkia, kwa hiyo rafadha lazima zisukume zaidi kupata uzuizi uleule. Nilitarajia, lakini imeniuma. Kuna njia nyingine ya kwenda mbio: Jeshi la Marekani Desemba 2022 lilichagua V-280 ya Bell, ambayo rota zake zenyewe zinainama mbele, na nayo inalipa ikituama, maana rota zake ni ndogo kwa uzito inaobeba. Nikilazimishwa nitachagua rafadha za pembeni. Rota pana sitaki kuiachia.

Deni la wati 31 litalipwa mbele, kama litalipwa. Kamba naifungua Jumapili, upepo ukitulia.