Wati 13 zilivyonikosesha raha

Julai hapa Dodoma, saa kumi na moja alfajiri, baridi inang'ata, na barabara ya Iringa ina malori. Siku za kazi naitoa baiskeli gurudumu la nyuma, naifunga kwenye mashine ya mazoezi inayokaza pedali, nanyonga nikiwa gereji, Kisasa. Mashine inapima nguvu ya miguu kwa wati, na pedali zangu nazo zinapima. Asubuhi moja simu ikasoma wati 205 kutoka kwenye mashine, huku saa ya mkononi ikisoma 218 kutoka kwenye pedali. Miguu ni hiyohiyo. Bila aibu, nikaziamini pedali.

Tofauti kidogo lazima iwepo. Pedali zinapima pale unapokanyaga. Mashine inapima nyuma, cheni na gia zikishakula chao, kama asilimia 2 hadi 4. Kwa 218 hizo ni wati 4 hadi 9. Sasa 13?

Jumamosi nikaamua kuzijaribu pedali: nikarudisha gurudumu la nyuma, nikaifunga breki kwa kamba ya mpira, nikalaza mkono wa pedali kwa pimamaji niliyoazima kwa fundi ujenzi jirani. Nikatia maji kwenye ndoo mpaka mizani ya dukani ikasoma kilo 20 kamili, nikaining'iniza kwenye pedali. Mkono huo wa pedali ni milimita 170, kwa hiyo nilitegemea nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 33.4. Programu ya pedali ikasema 33.8, kulia na kushoto.

"Baba Neema, ndoo yangu! Maji yenyewe ya mgawo."

"Dakika moja, mama."

Nikafungua mipangilio: urefu wa mkono, 172.5. Pedali nilizinunua mtumba, na mwenyewe wa kwanza aliacha vipimo vyake. Miezi yote hiyo nilikuwa najisifu kwa wati 3 za mtu mwingine! Nikarekebisha, zikashuka hadi 215.

Mashine nayo niliisawazisha, yaani kurekebisha usomaji wake, mara ya mwisho Desemba, mchana wa jua kali, na baridi huongeza msuguano ndani yake, hivyo ilikuwa inasoma pungufu. Nikanyonga robo saa ipate moto, nikaisawazisha upya. Cheni niliifuta kwa mafuta ya taa. Kitambaa kilitoka cheusi tii, vumbi letu hili halina huruma. Mashine ikapanda hadi 209.

Zimebaki wati 6, ndizo za cheni na gia, na sizitafuti tena. Nafuata namba za pedali, ndani na barabarani, na kila nikitoka naziacha kwanza zizoee baridi ya nje ndipo naziweka sifuri. Mashine kazi yake kukaza tu.

Ndoo niliirudisha, maji pungufu kidogo.