Chupa ya tano nayo ilifunguka kimya

Baridi ya Dodoma mwezi huu wa Julai si ya mchezo. Usiku inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, upepo unapiga bati hadi alfajiri, nami nalala na mablanketi mawili. Naanza na baridi kwa kuwa ndiyo niliyoikumbuka mwisho.

Ilikuwa bia yangu ya tatu tangu nianze kupika nyumbani. Lita 18: chupa 35 za kioo na moja ya plastiki, zote za nusu lita. Sukari nilipima gramu 126, yaani gramu 7 kwa lita, nikaichemsha na kikombe cha maji, nikaimimina kwenye ndoo na kukoroga taratibu bila kurusha povu. Hamira iliyobaki kwenye bia ndiyo inayoila sukari hiyo ikatoa gesi, na kizibo kikibana vizuri gesi inabaki humohumo. Chupa nikazipanga stoo, sakafuni, kwenye saruji tupu.

Wiki mbili zikapita. Jumamosi nikafungua ya kwanza: kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikatoa ka-psss kadogo, nikafurahi, kumbe ni kale kahewa ka shingoni tu. Kwenye glasi bia ikalala kama maji ya mtungini. Ya nne sitaki kuizungumzia. Ya tano nikaionja kwa makini, nikasikia utamu wa mbali, kama togwa.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nilishuku vizibo kwanza. Nikazamisha chupa kumi kwenye karai la maji ya uvuguvugu, moja ikatoa vipovu vidogo pembeni mwa kizibo. Sawa, hiyo inavuja. Na hizo tisa je? Nikageukia sukari, labda haikuchanganyika. Lakini isingechanganyika, chupa nyingine zingekuwa na gesi ya kupasua, nyingine hazina kitu. Zangu zote zilikuwa zimepoa sawasawa.

Rafiki yangu mmoja akashauri niongeze kijiko cha sukari kila chupa, nizibe upya. Nilishashika kijiko, jamani. Kama hamira ingekuwa imelala tu, siku ingeamka ingekuta sukari mara mbili, na kioo hakina huruma.

Aliyenitoa gizani ni bibi wa nyumba ya nyuma. Nilimpelekea glasi, nikamwamkia, "Mbukwenyi, bibi." Akaonja, akanitazama.

"Mjukuu wangu, hii umeifungia ndani ikalala. Yangu ya mtama inachemka yenyewe kwenye pipa, tunainywa ingali hai. Na pipa silikalishi penye baridi, naliweka karibu na mafiga."

Mafiga! Nikarudi ndani mbio. Ile chupa ya plastiki huwa naiweka kabatini juu ya jiko, niibinye kila nikipita nijue gesi imefika wapi, ila kwa hasira za Jumamosi niliisahau. Nikaibinya: ngumu kama jiwe. Bia ileile, sukari ileile, siku ileile. Tofauti yake na wenzake ni jiko tu. Ule utamu wa chupa ya tano nao ukaeleweka: sukari ilikuwa bado haijaliwa, hamira imejikunyata kwenye mashapo chini ya chupa. Bia ya aina hii inataka nyuzi 20 hivi au zaidi kidogo, kwa wiki mbili au tatu. Saruji yangu haikufika huko hata mchana.

Nikahamishia kreti zote jikoni, nikageuza kila chupa juu chini mara moja ili mashapo yaamke, nikafunika kwa blanketi langu moja. (Ndiyo, nimelala na moja wiki nzima.)

Leo ni siku ya nane. Jana niliweka chupa moja kwenye friji ilale humo, maana gesi huzama vizuri kwenye bia baridi. Ukifungua ya moto inakukimbia yote. Mchana huu nimeifungua. Psss ndefu, povu la vidole viwili, vipovu vinapanda bila haraka.

Nusu nimempelekea bibi. Amepiga funda moja, amefumba macho, amecheua.

"Inauma ulimi," amesema. "Umetia soda?"