Nilivyoihakiki namba tasa yenye tarakimu 39

Namba yenyewe ni 170141183460469231731687303715884105727, yaani 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kuwa ni namba tasa, na hakuwa na kompyuta. Nilitaka nijiridhishe mwenyewe, nisibaki kukariri tu.

Njia ya shuleni, ya kujaribu kigawo kimoja kimoja hadi kwenye kipeuo cha pili, haifui dafu hapa. Kipeuo hicho kina tarakimu 20. Kompyuta inayogawanya mara bilioni moja kwa sekunde ingechukua zaidi ya miaka 400.

Lucas alipita kwingine, na baadaye mwanahisabati Mmarekani Lehmer akairahisisha njia hiyo, ambayo ni ya namba za aina hii tu: 2 kwa kipeo fulani, toa 1. Unaanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawanya kwa namba unayoichunguza, unashika baki na kuanza tena. Kipeo kikiwa 13, unafanya hivyo mara 11. Kikiwa 127, mara 125. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa.

Kabla ya kuwasha kompyuta nilichukua kalamu na 8191, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 13 toa 1. Nikapata 14, 194, 4870, 3953, 5970, 1857, 36, 1294, 3470, 128. Ukiyatazama mabaki hayo huoni dalili yoyote ya yanakoelekea. Halafu 128 mara 128 ni 16384, toa 2 unabaki na 16382, na hiyo ni 8191 mara mbili kamili. Sifuri! Furaha niliyoipata pale sijaipata kwenye hesabu nyingine yoyote. Nikajaribu na 2047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 toa 1, ambayo ni 23 mara 89, ili nione njia inavyokataa. Iliishia 1736.

Hapo ndipo nilipoandika programu fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Niliichagua kwa sababu inatunza namba nzima ndefu bila kukadiria. Kikokotoo cha kawaida kingezikata tarakimu za mwisho na jibu lote lingeharibika. Nikaweka 127, na 0 ikatokea papo hapo.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba njia hii haitafuti kigawo hata kimoja. Lucas huyohuyo aligundua kuwa 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 si tasa, ila vigawo vyake hakuvijua. Mmarekani Frank Nelson Cole ndiye aliyevitoa hadharani mwaka 1903: 193707721 na 761838257287. Nilivizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari, hadi nikaifikia 147573952589676412927.