Siku moja maishani mwangu: kutoka feri ya Likoni hadi galaksi za mbali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Feri imejaa, nami nimeshashiba mahamri na mbaazi za jirani. Binamu yangu wa bandarini, tunayevuka naye, kaniuliza tena: "Wewe hasa wapima nini?" Nikamwonyesha watu wanaoshuka. Wametoka mlango mmoja kwa wakati mmoja, lakini vijana wanaukimbilia mlima na wenye vikapu wanabaki nyuma. Ukisimama juu ukaangalia pengo baina yao, utakisia urefu wa mlima. "Wangu ni mawimbi ya redio," nikamwambia. Akacheka, akaenda zake.

Saa mbili niko Tudor, hapa Mombasa, kwenye chumba tunachokodi na wenzangu, feni ikivuma. Kazi yangu ni milipuko ya redio ya ghafla, kwa kifupi cha Kiingereza FRB: mimweko ya milisekunde chache kutoka galaksi nyingine. Wa kwanza kujulikana ulinaswa na darubini ya Parkes, Australia, mwaka 2001, ukakaa kwenye kumbukumbu hadi Duncan Lorimer na wenzake walipouibua 2007. Mawimbi ya masafa ya juu hutangulia, ya chini huchelewa, kwa sababu elektroni zilizotapakaa njiani huyazuiazuia. Mlipuko wenye kipimo cha mtawanyiko (namba ya kuonyesha wingi wa elektroni njiani) cha 500 huchelewa kama sekunde moja kwenye megahezi 1,400, na kama sekunde 13 kwenye megahezi 400. Kuchelewa huko kunatupa hesabu ya elektroni za njia nzima. Elektroni nyingi, safari ndefu. Habari nyingi za magazetini huishia hapo, na ndipo matatizo yangu yanapoanza.

Tangu saa tatu hadi saa saba ni hesabu za kutoa tu. Natoa sehemu ya galaksi yetu, natoa gesi inayoizunguka, kisha nabaki na swali gumu: galaksi ulikotoka mlipuko imechangia kiasi gani? Leo nimeweka miwili kwenye jedwali moja. FRB 20220610A, ulionaswa na darubini za redio za ASKAP huko Australia, una kipimo cha 1,458. Nuru yake imesafiri karibu miaka bilioni 8. FRB 20190520B, uliogunduliwa na darubini ya FAST ya China, una 1,205. Kwa kutazama namba hizo ungesema ni majirani, au karibu hivyo. Kumbe huu wa pili, galaksi yake ilipopimwa, uko kama miaka bilioni 3 ya nuru tu! Makadirio ya kwanza yaliweka sehemu kubwa ya elektroni zake, kipimo cha 900 hivi, kwenye galaksi yake yenyewe. Anayekwenda na kipimo peke yake atautupa mbali mno.

Stima ikapotea saa saba na nusu, betri ikanivusha. Chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki, nikala baridi. Maikrowevu haikuwa na umeme, na hata ingekuwa nao, watu wa Parkes wana kisa nayo: mwaka 2015 waligundua kwamba ishara fulani zilizowasumbua kwa miaka zilitoka kwenye maikrowevu zao wenyewe, zikifunguliwa kabla ya kuzima.

Saa tisa nafundisha fizikia, kidato cha tatu. Msichana mmoja wa nyuma kauliza: "Mwalimu, ikiwa lazima mtafute galaksi kwanza, huo mlipuko wa nini?" Swali la maana kuliko mengi ya makongamano. Umbali tunaupata kwa nuru ya galaksi, inavyovutika kuelekea wekundu kwa kutanuka kwa ulimwengu. Mlipuko unatuambia kuna maada kiasi gani njiani. Mwaka 2020 Jean-Pierre Macquart na wenzake walitumia milipuko michache ya ASKAP iliyokuwa na galaksi zinazojulikana, wakaona kipimo kikipanda pamoja na umbali, na maada ya kawaida iliyokuwa haionekani ikahesabika. Macquart alifariki mwezi uliofuata baada ya matokeo hayo kuchapishwa. Uhusiano huo sasa unaitwa kwa jina lake, na ndio unaoturuhusu kukisia umbali wa milipuko ambayo galaksi yake haijapatikana.

Msichana akataka kujua kama tutamaliza ule ubishi wa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, kilomita 67 au 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kama miaka milioni 3.26 ya nuru). Bado, nikamwambia. Mipaka yetu ya makosa ni mipana mno, na anayedai kuamua leo ana haraka. Tungoje SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, ambayo Kenya ni mshirika wake.

Saa moja usiku, simu na msimamizi wangu. Anataka 20190520B uondolewe, ili mstari wa grafu ya kipimo na umbali unyooke. Mimi nimekataa: ukiondoa kila kisichokaa sawa, mstari utanyooka hata kwa data mbovu. Tumekubaliana ubaki, na mpaka wake wa makosa upanuliwe. Sasa narudia hesabu zote kwa upana huo mpya, na kompyuta inasema saa tano nyingine.