Mgonjwa Mtulivu Ndiye Ninayempima Kwanza

Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) kwa miaka mingi, na kila ninapopokea zamu huanza na yule aliyelala kimya. Deliriamu, yaani mkanganyiko wa akili unaomjia mgonjwa ghafla na kupanda na kushuka ndani ya siku moja, hujulikana upesi kwa mtu anayeng'oa mirija na kutaka kushuka kitandani, kwa kuwa wote humkimbilia. Anayetazama dari na kujibu kwa kuchelewa huandikwa kwenye faili kuwa ametulia, ilhali deliriamu ya kimya ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi ICU, na ndiyo inayotuponyoka.

Kwa sababu hiyo sitegemei kumtazama tu. Katika kila zamu, na kila hali inapobadilika, ninatumia CAM-ICU, kipimo kifupi cha kutambua deliriamu mgonjwa akiwa kitandani. Kwanza ninaangalia kiwango cha fahamu kwa RASS, ngazi ya namba inayoanzia +4, yaani ghasia kali, hadi -5, yaani hazinduki kabisa. Aliye kwenye -4 au -5 hapimiki, hivyo ninamrudia baadaye. Kisha ninauliza kama akili yake imebadilika au inayumba kulinganisha na alivyokuwa kabla ya kuugua, na hapo ndugu zake hujua kuliko faili. Sehemu ninayoipa muda zaidi ni ya umakini: ninamshika mkono, ninamsomea herufi 10 polepole, naye anapaswa kunibana kila anaposikia A. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini wake una kasoro. Ninakipenda kipimo hiki kwa kuwa hakihitaji sauti, kwa hiyo hata aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kukifanya. Ikiwa fahamu zake ni za kawaida kabisa, ninaongeza maswali kama "Je, jiwe huelea juu ya maji?" ili kupima mpangilio wa fikra. Kabla ya yote hayo huhakikisha amevaa miwani na kifaa chake cha kusikia, na kwamba ninazungumza lugha anayoielewa vizuri, la sivyo nitakuwa ninapima uziwi.

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa ameondolewa mashine baada ya upasuaji wa tumbo. Alikuwa mpole, hasumbui mtu, lakini alinibana mkono karibu katika kila herufi. Daktari alipofika hatukuanza na dawa, tulianza kutafuta chanzo: oksijeni, sukari, chumvi za damu, dalili za maambukizi, maumivu, choo kigumu, kibofu, na orodha ya dawa mstari kwa mstari. Kibofu kilikuwa kimejaa tangu mpira wa mkojo ulipotolewa, na midazolamu, dawa ya kumlaza, ya usiku ilikuwa bado imeandikwa ingawa hakuihitaji tena. Dawa za kundi hilo, benzodiazepini, zinajulikana kuchochea deliriamu.

Baada ya kurekebisha hayo, kazi kubwa ilikuwa ya kawaida na ya subira. Binti yake alileta miwani, akawa anakaa naye mchana na kumwambia, "Baba, ni mimi. Uko hospitalini, umeshafanyiwa upasuaji, na leo ni Jumanne." Tulifungua mapazia, tukamketisha kwenye kiti pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia, na usiku tukapunguza taa na kukusanya kazi zetu ili alale bila kuamshwa ovyo. Asubuhi alikuwa sawa, jioni akapotea tena. Hiyo ndiyo tabia ya hali hii, na matokeo mazuri ya asubuhi hayatoshi kuacha kupima. Hatimaye akili yake ilitulia.

Kuhusu dawa, utafiti wa MIND-USA uliochapishwa mwaka 2018 haukuona kwamba haloperidoli au ziprasidoni, dawa za kutibu magonjwa ya akili, zinafupisha deliriamu kuliko dawa bandia, na PADIS, mwongozo wa kutunza maumivu, ghasia na deliriamu kwa wagonjwa wa ICU, wa mwaka huohuo haukupendekeza kuzitumia kama kawaida. Ghasia zikizuia mgonjwa kuachishwa mashine, daktari anaweza kuchagua deksmedetomidini, dawa ya kutuliza isiyo ya kundi la benzodiazepini. Anayeathirika kwa kuachishwa pombe ghafla ni suala jingine, kwani yeye hutibiwa kwa benzodiazepini zenyewe, na ndiyo maana ninawauliza ndugu mapema kuhusu pombe, kwa faragha na bila lawama. Kumfunga mgonjwa mikono huzidisha hofu, nami hupinga jambo hilo kila panapokuwa na njia nyingine salama.

Ndugu ninawaomba wasibishane na mgonjwa juu ya anachokiona, wala wasikithibitishe, bali wamhakikishie kuwa yuko salama. Utafiti wa BRAIN-ICU wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa deliriamu iliyodumu muda mrefu inahusiana na udhaifu wa kumbukumbu na fikra hata mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mgonjwa anapohamia wodini, ninaandika kwenye taarifa ya makabidhiano kwamba alikuwa na deliriamu, kipimo cha mwisho kilionyesha nini, na dawa zipi zilisitishwa, ili asirudishiwe dawa hizo, na ili ndugu zake wajue dalili za kufuatilia nyumbani.